Muhuri Ulioitwa Msomaji

Haya alinisimulia binti wa marehemu dada yangu, fundi cherehani, mwaka juzi mwezi wa mvua kubwa, yeye akitia vifungo kwenye sare za shule na mimi nikimkatia nyuzi. Alinisimulia kwa siku mbili, maana mengine hayatoki kwa mkupuo. Ni habari ya bintiye wa kwanza, wakili. Mimi sikutia chumvi. Aliponiambia "hapo sijui, mama mdogo," hapo na mimi nimepaacha.

Huyo binti alisoma sheria mpaka macho yakamwingia ndani, akapata nafasi ya uanagenzi katika kampuni moja ya mawakili. Jengo lao lilikuwa la ghorofa tatu, halina lifti, na ngazi zake za saruji zilikuwa zimelika katikati kama kipande cha sabuni ya kufulia. Chini kabisa kulikuwa na mapokezi, stoo ya mafaili, na meza ndefu ya wanagenzi. Ghorofa ya kwanza walikaa mawakili wadogo. Ya pili waandamizi. Ya tatu walikaa washirika, yaani wenye kampuni yao, wale ambao majina yao yamechongwa kwenye kibao cha shaba mlangoni. Kila ghorofa ilikuwa na benchi la mbao la wateja wanaosubiri, isipokuwa ya tatu. Huko juu hakuna mteja anayesubirishwa.

Na walikuwa na desturi yao. Kila mtu hukalia kiti chake mwenyewe, alichokuja nacho siku ya kwanza, na akipandishwa cheo hukibeba mwenyewe kupanda ngazi, wenzake wamejipanga ukutani wakipiga makofi na kumtania. Hasaidiwi. Ukikitua njiani upumzike, utaitwa bibi harusi mpaka mwaka uishe, hata kama una ndevu.

Mama yake alimnunulia kiti cha mbao kwa seremala, akakishonea mto wa vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu: kipande cha suti ya mwalimu mkuu, kipande cha pazia la zahanati, kipande cha gauni la mtu aliyeghairi harusi.

"Mama, hiki cha aliyeghairi harusi si mkosi?" binti akauliza.

"Mkosi gani? Kitambaa kilikuwa kizuri. Mwenye matatizo alikuwa bwana harusi."

Mkubwa wa kampuni walimwita Mzee Taratibu. Hakupaza sauti, hakukimbia, na ngazi alizipanda polepole akipinda huku na huku, mara amebana ukuta wa kushoto, mara ameshika ukingo wa kulia. Watu walisema ni magoti. Walisema pia kwamba jengo likishika moto, yule mzee angekohoa kwanza, kisha aombe ruhusa ya kulitaja.

Sasa, mtu asiyejua kusoma akitaka kuapa kwa maandishi, sheria inataka asomewe ile hati yote, neno kwa neno, kwa lugha anayoielewa, ndipo aweke kidole gumba. Na aliyemsomea aandike chini kwamba amemsomea, atie sahihi yake. Pale ofisini walikuwa wamechonga muhuri wa mpira ili wasichoke kuandika: *Nimemsomea mwapaji hati hii, naye amesema ameielewa.* Muhuri ule waliupa jina. Waliuita Msomaji. "Huyu mama umemsomea?" mtu anauliza. "Nimempitisha kwa Msomaji," mwenzake anajibu, na wanacheka. Kazi ya kuugonga ilikuwa ya wanagenzi. Wote waliugonga. Hata Mzee Taratibu, enzi zake akiwa chini pale, aliugonga.

Ijumaa moja, binti akiwa na miezi mitano kazini, walikuja watu kumi na mmoja wa kuapa. Mzee Taratibu akateremka.

"Binti, masjala ya mahakama inafungwa saa tisa. Sasa hivi ni saa nane na robo. Wote hawa wawe wamekwisha."

"Na kuwasomea, mzee?"

"Msomaji yupo."

Wa kumi na moja alikuwa mzee mmoja mwashi, kofia yake ameiweka magotini, amenyoa vizuri, ananukia sabuni ya kuogea. Aliletwa na kijana wa mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa mteja wa kampuni. Kijana alisimama mlangoni akichezea funguo za gari.

"Mwanangu," mzee akasema, "karatasi hii inasemaje?"

Binti hakuwa ameisoma. Aliona kichwa chake tu.

"Ya kawaida tu, babu. Kuthibitisha kwamba wewe ni wewe."

Mzee akacheka. "Hilo nalo linataka karatasi? Mke wangu ananijua."

Binti na yeye akacheka, akakishika kile kidole gumba, kigumu, chenye nyufa za saruji ya miaka mingi, akakikandamiza kwenye wino wa zambarau, kisha kwenye karatasi. Akagonga Msomaji. Akatia sahihi. Kilikuwepo kitambaa cha kufutia wino, kimetundikwa kwenye msumari karibu na meza, na kila aliyeweka kidole alipewa. Lakini saa ilikuwa imefika nane na dakika hamsini, binti akakusanya karatasi mbio mbio akatoka. Mzee akabaki amekaa, kidole amekiinua mbali na shati lake ili asijichafue, akisubiri cha kujifutia.

Baada ya wiki tatu mzee alirudi, peke yake. Akamwambia dada wa mapokezi kwamba anamtaka yule binti aliyemshika kidole, amsomee ile karatasi, maana nyumbani kijana wa mdogo wake ameanza kupima vyumba kwa futi. Binti alikuwa kwenye kikao.

"Mwambie arudi Jumatatu."

Akarudi Jumatatu. "Mwambie kesho kutwa."

Akarudi kesho kutwa. Mara hii binti alikuwa ameshakwenda stoo kuichomoa nakala na kuisoma. Aya ya tano aliisoma mara mbili. Ilisema kwamba mzee, kwa hiari yake na akiwa na akili timamu, amempa kijana wa mdogo wake nyumba yote, na kwamba yeye na mkewe wanakaa humo kwa hisani, mpaka watakapoambiwa watoke.

Akachungulia mapokezi, akamwona mzee kwenye benchi, kofia magotini. Angemwita, ingebidi amsomee. Angemsomea, ingebidi aseme kwamba siku ile hakumsomea. Na mwezi uliofuata ndio aliotarajia kupewa leseni. Akapitia mlango wa nyuma, penye mapipa ya taka, akaenda zake.

Mzee hakurudi tena kwa miguu yake. Haukupita mwezi, yule kijana wa funguo akaja ofisini kuleta barua, akasema kama anayetaja hali ya hewa, "Baba mkubwa ametutoka. Alhamisi." Binti akampa pole.

Kesho yake asubuhi, alipofungua mlango wa mapokezi, mzee alikuwa amekaa kwenye benchi.

Kofia magotini. Kidole gumba kimeinuliwa, wino bado mbichi, unang'aa.

"Shikamoo, babu," binti akasema. Mdomo ulitangulia akili.

Mzee hakuitikia. Alimtazama tu, kama mtu aliyeuliza swali na bado anasubiri jibu.

Dada wa mapokezi akainua kichwa. "Unamwamkia nani?"

"Yule pale."

"Yupi pale? Wewe, lala mapema. Leseni itakutia wazimu kabla hujaitumia."

Basi ndivyo ilivyoanza. Siku ya leseni alibeba kiti chake kwenda ghorofa ya kwanza, wenzake wakipiga makofi, "Kaza mwendo, bibi harusi!", na yeye moyoni anashangilia, si cheo, bali kwamba lile benchi analiacha chini. Alipofika juu, jasho linamtiririka, mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la ghorofa ya kwanza. Hata pumzi hazikumwenda mbio.

Kuanzia hapo hakugonga Msomaji tena. Kila asiyejua kusoma alimkalisha, akamsomea, aya kwa aya, akamwuliza umeelewa, akamwambia nirudishie kwa maneno yako. Wenzake walimcheka. "Wewe unafungua darasa la ngumbaru?" Lakini wateja wakaambizana. Wakina mama wakawa wanakuja wanasema, tunamtaka yule anayesoma. Mahakimu nao wakamjua: hati ikitoka kwa yule, haina kona. Sifa hiyo ndiyo iliyompandisha. Ukitazama sana, ni mzee yule aliyempandisha, kwa sababu kila alipoanza kuruka aya alikuta ametazamwa kutoka kwenye benchi, na aya akairudia.

Miaka minne, akabeba kiti kwenda ghorofa ya pili. Mzee akahamia benchi la ghorofa ya pili.

Mtu mmoja tu aliwahi kusema neno. Mama wa chai, ambaye ndiye pia aliyepangusa vumbi, alisimama siku moja na kitambaa chake mbele ya benchi.

"Wakili, hebu njoo uone. Vumbi la barabarani linaingia kila mahali, mpaka kwenye sukari. Ila hapa." Akaonyesha katikati ya benchi, duara moja safi, la mapana ya mtu aliyekaa. "Miaka yote hii sijapapangusa hapa hata siku moja. Hapachafuki."

"Labda watu wanakaa."

"Watu gani? Wateja wako wote wanakaa pembeni. Hujaona? Hakuna anayekaa katikati."

Na usingizi ukamkimbia. Mama yake ndiye aliyeniambia haya, maana walikaa nyumba moja. Binti akilala, akifumba macho tu, anasikia, "Inasemaje?" Anaamka, anatembea chumbani. Akajifunza kusinzia akiwa amekaa, dakika kumi hapa, robo saa pale, kama kuku. Mama akimwuliza anasema, kazi. Na mama upande wa pili wa ukuta hakulala pia, akihesabu hatua za mwanawe.

Ikatimia miaka tisa. Jumanne moja asubuhi Mzee Taratibu alimwita ghorofa ya tatu.

"Kaa. Washirika tumekubaliana. Ijumaa utabeba kiti chako mpaka huku. Fundi wa kibao nimeshamwambia aache nafasi ya jina lako."

Binti akashukuru.

"Kuna kadogo kamoja kabla ya hapo." Akasogeza faili juu ya meza. Lilikuwa la zamani, kona zake zimeliwa. "Mjane wa mwashi mmoja anapinga hati ya mumewe. Mteja wetu alimwacha akae miaka yote hii; sasa anataka nyumba yake, na mama yule hatoki. Anasema mumewe hakusomewa. Mahakama itasikiliza Alhamisi. Sahihi iliyopo ni yako."

Juu ya faili palikuwa na hati mpya, imeshachapwa. *Mimi, wakili wa mahakama kuu, ninaapa kwamba siku hiyo nilimsomea mwapaji hati yote, naye akaielewa.* Pengo la sahihi liliachwa tupu.

"Mzee, sikumsomea."

Mzee Taratibu hakushtuka. Alivua miwani, akaifuta na tai yake.

"Najua. Nani aliyesoma? Muhuri ule tumeutumia zaidi ya miaka thelathini. Wewe ukisema hukusoma, kesho watauliza, na yule je? Na yule mwingine? Nyumba ngapi, mashamba mangapi, mirathi ngapi? Utalibomoa jengo hili na sisi sote tukiwa ndani. Na leseni yako itakuwa ya kwanza kuanguka."

"Na yule mama?"

"Yule mama ana watoto. Atakwenda kwa watoto." Akavaa miwani. "Nipe jibu kesho. Kachungulie chumba chako, mlango hauna ufunguo bado."

Chumba kilikuwa cha pembeni, kina madirisha mawili, hakina kitu ndani. Binti akausukuma mlango, akaganda.

Mzee alikuwa amesimama.

Miaka tisa amemwona amekaa. Sasa huku juu hapakuwa na benchi, na mzee wa watu amesimama katikati ya chumba kitupu, kofia mkono wa kulia, kidole gumba cha kushoto amekiinua, na magoti yanamtetemeka kama ya mtu aliyepanda ngazi nyingi. Binti aliniuma roho hapo niliposimuliwa, maana alilelewa vizuri: mzee akisimama, wewe hukai. Akajua papo hapo kwamba katika chumba hiki yeye hatakaa kamwe. Akiweka kiti Ijumaa, atakizunguka miaka yote iliyobaki, na mzee amemsimamia.

Akaurudisha mlango taratibu, kama wa chumba cha mgonjwa.

Nyumbani jioni ile mama alimkuta amekaa sakafuni kwenye duka la cherehani, kati ya vipande vya vitambaa.

"Una nini?"

Ndipo akasema. Yote, tangu kidole mpaka mlango wa nyuma. Mama hakusimamisha cherehani. Aliniambia alijua angesimama, mtoto angenyamaza.

"Nikisema ukweli nitafutwa uwakili, mama. Miaka yote uliyokaa kwenye hiyo mashine ni ili mimi niwe wakili."

"Usinitwike," mama akamjibu. "Mimi nilishona kwa sababu napenda kushona. Huyo mama mjane anaitwa nani?"

Binti hakujua. Miaka tisa hakuwahi kumwuliza mtu.

"Basi anza na hapo," mama akasema, akakata uzi kwa meno.

Jumatano saa saba mchana, wengine wakiwa wamekwenda kula, binti alikibeba kiti chake begani akaanza kupanda kwenda ghorofa ya tatu. Mama wa chai akakutana naye ngazini na sinia.

"Mbona mapema? Si Ijumaa? Na makofi nani apige?"

"Leo sijibebei mimi."

Mama wa chai akatazama juu ya ngazi, akatazama kiti, akapisha.

Chumbani mzee alikuwa palepale. Binti akakitua kiti mbele yake, akaupangusa mto kwa kiganja.

"Karibu ukae, babu. Nimechelewa."

Mzee akakaa. Mto ukabonyea. Binti akapiga magoti sakafuni, akaifungua ile nakala ya zamani, akaanza kusoma kwa sauti, tangu jina la mahakama, tangu namba ya shauri. Aya ya kwanza, kwamba yeye ni mtu mzima mwenye akili timamu. Mzee akatikisa kichwa kukubali. Aya ya pili, kwamba nyumba aliijenga kwa mikono yake. Akakubali, na kidevu kikapanda kidogo. Aya ya tatu. Ya nne. Akafika ya tano. Akaisoma mpaka mwisho, mpaka pale pa hisani, mpaka pale pa kuambiwa watoke.

"Rudia," mzee akasema.

Sauti ilikuwa ileile ya Ijumaa ile, ya mtu mpole. Binti akarudia.

Kutoka barabarani ilisikika pikipiki, na mtu anauza betri kwa kipaza sauti.

"Hilo sikulisema," mzee akasema.

"Ndiyo, babu. Hukulisema. Na mimi sikukusomea."

Kisha akakumbuka. Akashika kona ya mto, pale mama aliposhonea kipande cha gauni la harusi iliyoghairiwa, akaung'oa uzi kwa kucha, akakitoa kile kipande, akakishika kidole gumba cha mzee, cha baridi kama bomba la maji asubuhi, akakifuta. Alikifuta mpaka zikaonekana zile nyufa. Wino wote ukahamia kwenye kitambaa.

Mzee akakitazama kidole chake mbele na nyuma. Akavaa kofia. Binti anasema hakumwona akiondoka. Anasema alifumba macho kuzuia machozi, alipofumbua kiti kilikuwa kitupu, na mto unainuka polepole.

Akakaa yeye, kwenye kile kiti, akaandika hati yake ya kiapo kwa mkono. Aya sita. Kisha akavuka barabara kwenda kwa wakili wa jengo la pili, aliyesoma naye chuoni, mwanamke wa vicheko, droo yake imejaa karanga.

"Sheikh wa sheria! Umekuja kunialika Ijumaa? Nisikie tu kwa watu?"

"Nimekuja kuapa. Niapishe."

Yule akaichukua hati, akaitupia jicho, akanyanyua muhuri wake.

"Nisomee kwanza," binti akasema.

"Nikusomee nini? Si umeandika mwenyewe?"

"Nisomee. Neno kwa neno."

"Wewe, hujui kusoma leo?"

"Nisomee, dada."

Akaanza kwa mzaha, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Kwenye aya ya pili mzaha ukamtoka. Kwenye ya nne akasukuma karanga pembeni. Alipofika kwenye ya sita, ile inayosema *na muhuri huo niliugonga bila kusoma, naye alipokuja mara tatu kuomba asomewe nilimkwepa,* alikuwa anasoma kwa kunong'ona.

"Umeelewa?" akauliza, kama sheria inavyotaka.

"Nimeelewa."

"Unajua hii inakufanya nini?"

"Imeshanifanya. Gonga."

Akagonga. Saa nane na dakika hamsini binti alikuwa dirishani pa masjala, na nakala ya pili akaipeleka kwa wakili wa mjane. Jina la yule mama alikuwa ameliandika kwenye aya ya kwanza, kamili, majina matatu. Alikuwa ameliulizia asubuhi.

Alhamisi hakimu aliisoma ile hati mara mbili, akazuia mtu yeyote kumgusa yule mama wala nyumba yake mpaka shauri liishe. Naambiwa mpaka leo yumo ndani, na ameotesha maua mbele. Ya leseni, baraza la mawakili lilimwita binti mara moja, likasema litamwita tena. Hapo mama yake aliniambia, sijui, mama mdogo. Na mimi sijui.

Ijumaa, siku iliyokuwa ya makofi, alikwenda kukichukua kiti chake. Mzee Taratibu alimkuta ghorofa ya tatu.

"Umejua ulichofanya?"

"Nimekisoma, mzee."

Mzee Taratibu akageuka akatangulia kushuka. Binti akafuata nyuma, kiti begani. Kwa mara ya kwanza alizitazama vizuri zile hatua za mkubwa wake. Mzee alibana ukuta wa kushoto, akajipinda, akavuka kidato kizima cha ngazi kwa uangalifu, akahamia kulia. Kila baada ya vidato viwili alisema kitu chini ya pumzi. Binti akasogea karibu, akasikia.

"Samahani, mama," Mzee Taratibu alikuwa akinong'ona kwenye ngazi tupu. "Nipishe, baba. Samahani. Samahani, bibi."

Hayakuwa magoti. Watu wake wa Msomaji walikuwa wamejaa mpaka chini.

Binti alishuka nyuma yake akikanyaga palepale alipokanyaga mzee, asije akamkanyaga mtu. Hakuna aliyepiga makofi. Mama wa chai alimfungulia mlango, na dada wa mapokezi akamsindikiza kwa macho. Kwenye benchi la chini, mtu mmoja aliyevaa shati la bluu, mteja mgeni, alikuwa amekaa katikati kabisa, miguu ameinyoosha, anasoma gazeti.

Alifika nyumbani saa sita na nusu mchana, jua linachoma. Akakiweka kiti karibu na cherehani. Mama akautazama mto, akaona tundu.

"Kipande changu kiko wapi?"

"Nimemfutia mtu."

"Basi kaa niupime, nikuzibie."

Binti akakaa. Mama akachukua futi, akapima tundu, akachagua kipande cha shati la mlinzi wa benki, akarudi kwenye mashine kukikunja ukingo. Cherehani ikalia, tii-tii-tii, ikanyamaza, ikalia tena. Alipogeuka kumwuliza kama rangi inafaa, kichwa cha mwanawe kilikuwa kimelalia rundo la sare, mdomo wazi, anakoroma kama mwashi aliyemaliza ukuta.

Mama hakumwamsha. Alikaa akisikiliza, akingoja ainuke aanze kutembea, kama alivyozoea. Hakuinuka. Mteja akabisha hodi, mama akamwashiria kwa kidole, nenda, urudi kesho, kisha akakumbuka, akatoka mpaka nje, akamwambia kwa kunong'ona, "Hapana, usirudi kesho. Njoo saa kumi leo leo. Nitakuwepo." Akaurudisha mlango. Akatoa mguu kwenye pedali, akaweka mkono juu ya mashine, na kichwa juu ya mkono, na kile kipande kikiwa bado chini ya sindano, na yeye akalala.